Nilivyofungua mdomo kwenye chumba cha ultrasaundi

Najua nimepotea, karibu miezi mitatu sijaandika kitu humu, na kuna wawili watatu walishaanza kuulizana pale kantini kama nimedisko. Hapana jamani, nipo. Sina hata sapu, Mungu mkubwa. Nilikuwa likizo nyumbani, na yaliyonikuta huko nimeyabeba moyoni tangu nirudi Dodoma. Leo nimeamua niyaandike, maana nikiendelea kunyamaza nitaonekana mjanja wakati sikuwa mjanja.

Kwa wasioijua, nyumbani ni Titye, wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma. Siyo ile Kigoma ya ziwani mnayoisikia ya migebuka na dagaa. Sisi ni wa kule juu, kwenye vilima vya Buha, ambako asubuhi unatoka nje umejifunga kitenge mabegani kwa baridi, na ikifika saa saba mchana, kiangazi kile, vumbi jekundu linakufuata mpaka kitandani. Ni nchi ya maharage, muhogo na migomba. Wenzangu mnaonitania eti Waha tunapenda maharage kupita kiasi, sawa, ila mtaona mbele kidogo kazi iliyofanywa na maharage hayo.

Basi bwana, nafika nyumbani jioni, mgongo umekufa kwa basi, namsalimia mama. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, pole na safari." Ila hakuja kunipokea begi kama kawaida yake. Akaniambia tu, "Dada yako yupo chumbani, ingia ukamwone."

Dada yangu ndiye aliyenilipia kidato cha tano na cha sita kwa kuuza vitenge gulioni. Naomba mlikumbuke hilo. Siku tisa kabla sijafika alikuwa amejifungua kwa upasuaji, mtoto wake wa kwanza, wa kiume. Jina la hospitali sitaji, na sababu mtaiona. Mtoto alikuwa mzima kabisa, ananyonya mpaka anatoa jasho. Mama yake ndiye hakuwa mzima. Usiku anatetemeka kwa homa, tumbo la chini linauma, na ile damu ya uzazi imeanza kutoa harufu ambayo mwenyewe alikuwa anaificha kwa kubadilisha kanga kila saa.

Kila mtu nyumbani alikuwa na lake. Shangazi anasema tumbo halijakandwa, anataka aweke maji ya moto amkande palepale juu ya kidonda. Nikakataa kwa nguvu zote mpaka akanuna. Mama anasema ni malaria. Shemeji amekaa tu uani anachonga mpini wa jembe ambao hauhitajiki. Na dada mwenyewe, tulipobaki wawili, akanishika mkono akaninong'oneza: "Mdogo wangu, hawa watu wameniachia kitu humu ndani. Nakisikia."

Nikamwambia twende tukapige picha, picha itaonyesha. Akakataa. Akasema wakikiona watanipasua tena, na mara hii watatoa na kizazi. "Nina mtoto mmoja tu. Bora nife nacho."

Siku mbili nzima nikawa nambembeleza. Nikajigeuza mwalimu. Nikamweleza kwamba ultrasaundi si kisu wala si mionzi, ni sauti tu, ila nyembamba kiasi kwamba sikio halishiki. Sikio la mtu linaishia kama mitetemo 20,000 kwa sekunde, mashine ya tumboni inatumia milioni mbili mpaka tano hivi. Sauti inaingia, ikigonga kitu inarudi, mashine inachora mwangwi. Nikamwambia hata kizazi chenyewe kina ratiba yake: mara tu ukijifungua kina uzito wa kama kilo moja na kichwa chake kiko usawa wa kitovu, wiki moja baadaye kama nusu kilo, wiki ya pili kama gramu 300 na kimeshajificha nyuma ya mfupa wa kinena, wiki ya sita hakifiki gramu 100. "Tunakwenda kuangalia tu kama chako kinafuata ratiba," nikamwambia. Alicheka kidogo. Kesho yake akakubali. Shemeji akauza debe tatu za maharage ya mbegu, maana bumu langu lilishaisha tangu Juni, mnajua wenyewe.

Siku ya kumi na moja tukatoka alfajiri kwa bodaboda, dada katikati, mimi nyuma nimemshikilia, mama na mtoto kwenye nyingine. Kila shimo la barabara nalisikia kwenye tumbo lake.

Tukafika hospitali moja ya Kasulu mjini, siyo ile aliyojifungulia. Mpiga picha alikuwa baba wa makamo, mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Nikajitambulisha haraka haraka kuwa mimi ni mwanafunzi wa udaktari, nimemaliza mwaka wa tatu, naomba niingie naye. Akaniangalia, akasema karibu mwanangu.

Akampaka jeli, akaweka mkono wa mashine chini ya kitovu. Na mimi hapo nimesimama nyuma yake shingo nje kama twiga. Kibofu kikaonekana cheusi, nyuma yake kizazi, na katikati ya kizazi, pale kwenye uwazi, nikaona vitu vyeupe, vimetawanyika, vingine vinang'aa na kutupa kivuli. Moyo ukanipasuka. Nilikuwa nimepiga msuli wa ile sura wiki nzima kabla ya mtihani. Nikasema kwa sauti, tena kwa Kiswahili ili dada aone kuwa mdogo wake anajua:

"Kondo limebaki!"

Wadau, naomba niwaambie ukweli. Sikusema vile kwa sababu nilikuwa na hakika. Nilisema kwa sababu nilitaka kuwa wa kwanza kusema.

Dada akainuka palepale, jeli inamtiririka tumboni, akavuta kanga yake, akashuka kitandani na kidonda chake kibichi. "Sipasuliwi tena. Mama, nipe mwanangu, twende nyumbani." Akatoka mpaka nje kwenye benchi chini ya mwembe, analia bila sauti. Mama ananiangalia. Mimi sina la kusema. Nikajaribu kumfuata kumwambia labda nimekosea, hakutaka hata nimguse. Nilijua kabisa kwamba akipanda bodaboda ile siku hiyo hatarudi tena, na homa ile ingemmaliza palepale chumbani kwetu, na aliyemrudisha nyumbani ni mimi.

Aliyemwokoa ni yule baba. Hakunigombeza. Alitoka nje, akakaa kwenye benchi pembeni ya dada, si mbele yake, akamsalimia kwa Kiha. Wakaongea habari za mtoto kwanza. Halafu akaanza kumuuliza maswali ambayo mimi, kwa siku mbili zote za kujifanya mwalimu, sikumuuliza hata moja kwa utaratibu. Homa ilianza siku ya ngapi? Damu inaongezeka au inapungua? Inatoka na mabonge? Ina harufu? Mkojo unatoka vizuri? Na walikuambia kwa nini ulipasuliwa?

Hilo la mwisho dada alijibu, "Hawakuniambia." Baba akaomba kadi. Kwenye kadi kulikuwa na tarehe, uzito wa mtoto, na zile herufi mbili tu za kufupisha upasuaji. Hakuna sababu, hakuna aina ya mshono, hakuna kama kondo lilitoka lote. Yule baba akaishika kadi muda mrefu. Akasema, "Basi itabidi tumbo lenyewe litueleze. Mama, rudi tuangalie tena, na safari hii wewe ndiye uniambie panapouma."

Dada akarudi.

Safari hii akamgeuzia kioo ili aone mwenyewe. Akamwonyesha kizazi: hiki hapa, kimepungua, ila kimechelewa kidogo kwenye ile ratiba. Akamwonyesha vile vyeupe vyangu. Akasema, akiwa anaangalia kioo lakini nilijua ananiambia mimi, kwamba kizazi kilichotoka kuzaa karibu hakikosi kitu ndani. Kuna damu iliyoganda, kuna vipande vya utando, na kwa aliyepasuliwa hata hewa inaweza kubaki kwa siku kadhaa, na hewa ndiyo inayong'aa vile. Mwanamke mzima kabisa asiye na homa anaweza kuwa na picha kama hii. Kipande cha kondo mara nyingi kinaonekana kama donge zito lililoshika ukuta, na mara nyingi kina mishipa inayokilisha. Akawasha ile rangi ya kuonyesha damu inavyotembea. Ndani ya uwazi hakukuwa na rangi. Akasema hilo peke yake halitoshi kuapa, ila ukilijumlisha na damu inayopungua, yeye haandiki kondo.

Kisha akasogea chini, pale ambapo kibofu kinaegemea kizazi, ndipo mshono ulipo. Akaonyesha mstari wa kovu, na mbele yake kijidimbwi cheusi, hakifiki sentimita mbili. Damu kidogo iliyovuja siku ya upasuaji, akasema, nayo vidogo kama hivi ni vya kawaida, mwili huwa unavinyonya wenyewe. Mshono haujaachia. Hakuna kitambaa, hakuna kifaa, hakuna kitu walichoacha. Dada akauliza mara mbili, "Hakuna kitu?" Akajibiwa mara mbili.

Daktari wa wodi naye akamaliza kwa mkono. Akabonyeza chini ya kitovu, dada akaruka. Homa, harufu, maumivu ya kizazi: maambukizi. Na kujifungua kwa upasuaji ndilo jambo linaloongeza hatari hiyo kuliko mengine yote, wenzangu wa kozi mnalijua, mimi pia nilikuwa nalijua, kwenye karatasi. Akalazwa, dripu na sindano za antibayotiki. Daktari akasema homa isiposhuka ndani ya siku mbili tatu tutaangalia upya. Usiku wa pili ikashuka. Siku ya tatu dada akaomba ugali.

Sasa usiku ule wa kwanza nilikuwa nimekaa sakafuni pembeni ya kitanda, mtoto mapajani, usingizi hakuna. Nikawa nasoma kwenye simu kuhusu upasuaji wa uzazi, kama kujitubisha. Nikakutana na kisa cha mwaka 1879 cha majirani zetu wa Bunyoro, kule Uganda. Kuna Mwingereza, Robert Felkin, wakati huo akiwa bado anasomea udaktari, ambaye sehemu moja iitwayo Kahura alishuhudia mganga wa Kinyoro akimpasua mwanamke na kumtoa mtoto. Alikuja kuyaandika hayo kwenye jarida la Edinburgh mwaka 1884. Mwanamke alinyweshwa pombe ya ndizi, mganga akanawa mikono kwa pombe hiyohiyo na kuoshea tumbo. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto. Tumbo likafungwa kwa misumari ya chuma saba na kuzungushiwa uzi wa magome. Kizazi chenyewe hakikushonwa, kilibanwa kwa mkono mpaka kikajikunja. Na huko Ulaya nako kushona kizazi kulikuwa hakujaenea, Max Sänger wa Ujerumani aliandika kulitetea mwaka 1882. Mama yule wa Kahura alipona, na mtoto pia.

Kilichonishika ni hiki. Felkin aliandika kwamba siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimefunga kabisa na mama anaonekana hana tabu. Siku ya kumi na moja! Ila alichokiona ni ngozi. Kizazi hakuna aliyekiona. Hawakuwa na njia nyingine zaidi ya kumwangalia mama, kumshika na kumuuliza. Ilipita miaka mingi mpaka 1958, pale Ian Donald na wenzake wa Glasgow walipochapisha picha za tumbo zilizochorwa na mwangwi, kwa utaalamu uliotokana na mashine za viwandani za kutafuta nyufa kwenye chuma. Sasa tunayo mashine hiyo mpaka Kasulu. Na mimi nikaitumia kuacha kumuuliza dada yangu. Waliokuwa hawana picha walikuwa na maswali. Mimi nilipata picha nikayatupa maswali.

Na mkoa wetu wenyewe ulishatoa somo. Pale Maweni, hospitali ya mkoa Kigoma, kati ya 1984 na 1991 Dk. Godfrey Mbaruku na wenzake walishusha vifo vya wazazi kutoka 933 mpaka 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Hawakuanza na mashine mpya. Walianza kwa kuuliza kila mama alikufa kwa nini, wakaandika, halafu wakapanga upya watu na vifaa walivyokuwa navyo. Kuuliza na kuandika. Ile kadi ya dada yenye herufi mbili nikaiona tofauti kabisa.

Siku nne kabla sijarudi chuo, dada alikuwa ameshapata nguvu, tunachambua maharage uani. Akaniuliza bila kuniangalia: "Nitazaa tena?"

Safari hii sikukimbilia jibu. Nikamuuliza kwanza nani kamtuma. Akasema mama mkwe. Nikamwambia ndiyo, kizazi kipo na kovu limeshika, ila lipumzike. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine, na aliyepasuliwa ana sababu zaidi ya kusubiri. Nikamwambia kovu lingine huacha kibonde upande wa ndani wa ukuta wa kizazi. Mwaka 2019 wataalamu wa Ulaya walikubaliana kukihesabu kikifika kina cha milimita mbili, na kinaonekana vizuri zaidi kwa ile picha ya kupitia ukeni, miezi kadhaa baada ya kupona, siyo wiki ya pili. Wengi wanacho na hakiwasumbui, kwa hiyo hana haja ya kuuza tena maharage kukitafuta. Ila akiona matone ya damu ya kahawia yanaendelea siku nyingi baada ya hedhi kuisha, aende.

Na akishika mimba, asisubiri mwezi wa saba. Aende mapema apige picha, na neno la kwanza amwambie mpiga picha ni "mimi nilipasuliwa". Maana mimba inaweza kujishikiza palepale kwenye kovu, au kondo likakaa chini juu ya kovu na kung'ang'ania, na hayo yakijulikana mapema mama anapelekwa penye damu na wataalamu. Yakijulikana usiku wa kujifungua, tunajua wote inakuwaje.

Akanisikiliza. Akasema, "Niandikie." Nikachana karatasi kwenye daftari langu la radiolojia, nikaandika tarehe ya upasuaji, maambukizi, dawa alizopewa, na alichokiona yule baba. Sababu ya upasuaji nikaacha mstari mtupu. Shemeji akaapa ataenda kule kuiomba. Na juzi kanipigia simu, ameipata: mtoto alikaa vibaya, mshono wa kizazi ni wa kulala, wa chini. Dada ameujaza ule mstari kwa mkono wake.

Picha zenyewe amezihifadhi kwenye bahasha ndani ya sanduku la vitenge. Nilimwambia karatasi zile zinafifia, baada ya miaka michache zinaweza kuwa tupu, kwa hiyo nilizipiga kwa simu. Akasema sawa, lakini zake haziondoki sandukuni. Huwa anazitoa kumwonyesha shangazi: "Unaona? Hakuna kitu walichoacha."

Kuhusu mdomo wangu, alinisamehe bila mimi kuomba vizuri. Aliniambia tu, "Ukiwa daktari, mgonjwa akilala pale, usimsemee tumbo lake kabla hajalisemea mwenyewe." Nimeliandika ndani ya jalada la daftari.

Haya wadau, mnaoanza wodi ya wazazi muhula huu, mkikuta kadi tupu ijazeni, hata kama hamjaambiwa. Mimi naingia chimbo, kuna testi Jumatatu. Mungu akipenda nitaandika tena kabla bumu halijatoka, ama likishatoka, maana kabla sina hata vocha. Mbarikiwe.